Je, riba ya mkopo husimama daktari akiwa residensi?

*"Shikamoo kaka. Mimi na mume wangu tunaishi Ohio, tulikuja Marekani wadogo, wote tuna green card. Mwezi wa tano mwaka huu wa 2026 yeye anamaliza udaktari, mimi namaliza udaktari wa meno. Julai mosi anaanza residensi (mafunzo ya kazi hospitalini) ya udaktari wa familia, miaka mitatu, mshahara dola 66,000 kwa mwaka. Mimi nimepata mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini, dola 60,000. Yeye anadaiwa 280,000, mimi 340,000, karibu yote mikopo ya serikali kuu. Tuna mtoto mmoja. Kwenye kikundi cha WhatsApp tumeambiwa imepita sheria ya kufuta riba kwa madaktari na madaktari wa meno walioko mafunzoni, kwa hiyo tujaze fomu ya kusimamisha malipo tutulie mpaka tumalize. Mjomba anasema tuhamishie mikopo benki binafsi, riba iko chini. Halafu namtumia mama hela Tanga kila mwezi. Hilo nalo linahesabiwa? Tusaidie, usiku hatulali."*

Marahaba, mdogo wangu, na hongereni nyote wawili. Deni la dola 620,000 ndani ya nyumba moja, kabla hata ya mshahara wa kwanza, linatosha kumkosesha mtu usingizi, sitakuambia usijali. Ila nimeisoma barua yako mara mbili, na naona kinachowasumbua zaidi ni kutojua kama mkinyamaza hii miaka mitatu, deni nalo litanyamaza. Halitanyamaza. Nianzie hapo.

Sheria mliyoambiwa haijapita. Kilichopo ni mswada, unaitwa REDI Act, na ni mswada mzuri. Mmoja wa wanaoubeba katika Baraza la Wawakilishi ni Brian Babin wa Texas, ambaye kabla ya siasa alikuwa daktari wa meno, na nadhani ndiyo sababu watu wa meno hawakusahaulika humo. Upande wa Seneti yupo Jacky Rosen wa Nevada. Unasema daktari akiwa mafunzoni aruhusiwe kuahirisha malipo na riba isimame kabisa. Umekuwa ukiwasilishwa tangu 2019: bunge linamaliza muda wake, mswada unakufa nalo, bunge jipya linaanza, unarudishwa mezani. Mpaka naandika jibu hili haujawa sheria. Aliyewatumia ujumbe huenda aliona habari kwamba umewasilishwa akadhani umepitishwa, na kati ya hayo mawili kuna safari ambayo miswada mingi ya Washington haiimalizi. Tena hata ungepita kesho usingefuta deni; ungezuia tu lisikue.

Fomu mliyoambiwa mjaze nayo ipo. Juu yake mtakuta neno forbearance, na kwa daktari aliye residensi kampuni inayosimamia mkopo haiwezi kumkatalia: akiomba, lazima apewe, mwaka mmoja mmoja. Hapo ndipo wengi wanapoona ni msamaha. Kumbe kinachosimama ni malipo peke yake, riba inaendelea kuhesabiwa kila siku ya Mungu.

Sisi tulio na ndugu waliosoma kwa Bodi ya Mikopo Tanzania tunaweza kulikosea jambo hili kirahisi. Kule makato ni asilimia 15 ya mshahara, na ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Ndugu yako aliyemaliza Muhimbili akikaa mwaka mzima bila ajira, deni analikuta pale pale alipoliacha. Akikuambia "tulia kwanza", kwake ni kweli. Huku ulipo, ni ushauri wa gharama kubwa.

Tuone gharama yenyewe. Tangu Julai 1, 2012, wanafunzi wa shahada za juu nchini Marekani hawapewi tena ule mkopo ambao serikali inawalipia riba wakiwa masomoni. Kwa hiyo kila dola mume wako aliyokopa ilianza kuzaa riba siku ilipotolewa. Mikopo yake ya miaka hii minne ina viwango kati ya asilimia 6.54 na 9.08, tuchukue 7.5 kwa wepesi wa hesabu. Kwa deni la 280,000 hiyo ni dola 21,000 kwa mwaka, yaani 1,750 kwa mwezi, au zaidi ya dola 57 kila siku, hata siku ya Idi, hata akiwa amelala fofofo baada ya zamu ya usiku. Wewe kwa 340,000 yako ni kama dola 70 kwa siku. Mkijaza ile fomu na kutulia, yeye peke yake anatoka residensi na dola 63,000 za ziada. Angekuwa anasomea upasuaji miaka mitano, ingekuwa 105,000.

Niliwahi kufanya kazi katika ofisi ya mikopo ya chuo fulani. Siku moja alikuja daktari wa upasuaji, mwezi wa kwanza baada ya kumaliza, mkononi ana karatasi mbili alizochapisha mwenyewe. Moja ya siku aliyohitimu: 210,000. Nyingine ya wiki ile: zaidi ya 280,000. Aliweka kidole juu ya tarakimu ya pili akaniuliza kama mashine imekosea. Haikuwa imekosea. Kila mwaka alikuwa anapigiwa simu, anaambiwa "tukusimamishie tena?", anasema ndiyo, anarudi chumba cha upasuaji. Hakuna aliyemdanganya, lakini pia hakuna aliyemwambia kulikuwa na njia nyingine.

Njia hiyo sasa, kwa watu kama ninyi, ni bora kuliko aliyoikosa yeye. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imeanzisha mpango mpya wa kulipa kulingana na kipato, unaitwa RAP, unaofunguliwa Julai 1, 2026. Sipendi mambo mengi katika sheria hiyo. Imefunga mkopo wa Grad PLUS, ule wa serikali uliokuwa ukijazia gharama za shahada za juu, kwa wanaoanza masomo kuanzia tarehe hiyo, na imewawekea wanafunzi wa udaktari kikomo cha 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, na vyuo vingi havisomeki kwa hela hiyo. Wadogo zenu watasukumwa kwenye mabenki. Lakini RAP ina kitu kimoja ambacho watu wa residensi walikililia miaka mingi: ukilipa kiasi chako cha mwezi kwa wakati, riba yote ambayo malipo yako hayakuifikia inafutwa. Haiwekwi pembeni ikusubiri. Juu ya hapo, malipo yako yakishindwa kupunguza deni la msingi kwa dola 50, serikali inaongeza ili lipungue, hadi dola 50 au kiasi ulicholipa, chochote kilicho kidogo.

Kiasi cha kulipa kinatokana na pato lililoandikwa kwenye ritani yako ya kodi, kwa madaraja. Aliye juu ya 60,000 mpaka 70,000 analipa asilimia 6 ya pato kwa mwaka. Juu ya 50,000 mpaka 60,000, asilimia 5. Inashuka hivyo hivyo, na inapanda mpaka asilimia 10 kwa anayezidi 100,000. Kima cha chini ni dola 10 kwa mwezi.

Angalia inavyokaa kwa mume wako. Mkopo wake una miezi sita ya kupumua baada ya kuhitimu, kwa hiyo ataanza kulipa mwishoni mwa mwaka. Wakimwomba ritani, ya karibuni itakuwa ya 2025, mwaka aliokuwa mwanafunzi bila mshahara. Malipo yake mwaka wa kwanza: dola 10 kwa mwezi. Riba iliyobaki, dola 1,740 kila mwezi, inafutwa. Mwaka unaofuata wataangalia ritani ya 2026, ambayo ina nusu mwaka tu wa mshahara, kama 33,000. Daraja ni asilimia 3, malipo dola 82 na senti. Mwaka wa tatu ndipo mshahara kamili unaonekana, analipa 330. Wakati wote huo deni halikui, linashuka polepole. Hicho mlichoambiwa kimepita kwa jina la REDI Act, sehemu yake kubwa imeingia kwa mlango mwingine, ila mlango huu unataka ulipe, hata kama ni dola kumi.

Kwa sababu hiyo, kama hamkufaili kodi ya 2025 mkidhani wanafunzi wasio na kipato hawana haja, failini kabla ya Aprili 15. Ritani ya sifuri ndiyo karatasi yenye thamani kubwa kuliko zote mlizonazo mwaka huu. Na malipo yawekeni yajikate yenyewe benki. Neno "kwa wakati" kwenye RAP si pambo. Mwezi ukichelewa, riba ya mwezi huo inabaki mgongoni mwako.

Kuna ubaya wa RAP ambao nisingependa uugundue mwenyewe baadaye. Deni linalobaki linafutwa baada ya miaka 30, muda mrefu kuliko mipango ya zamani. Haina dari: mume wako akifika mshahara wa 250,000 atalipa asilimia 10, kama dola 2,083 kwa mwezi, na kikipanda kipato yanapanda malipo. Na madaraja yake yana ngazi kali. Pato la 60,000 kamili linalipa 250 kwa mwezi. Ukiongeza dola moja juu yake, ni 300. Ngazi hiyo inaweza kuwafaa, kwa sababu hela anayoweka kwenye akiba ya uzeeni ya kazini kabla ya kodi haihesabiwi kwenye pato. Akiweka 6,100 kwa mwaka, anashuka chini ya 60,000, malipo yanatoka 330 hadi chini ya 250, na hela ni yake bado.

Mpango wa zamani wa kulipa kulingana na kipato, unaoitwa IBR, bado uko wazi kwenu kwa kuwa mikopo yenu yote ni ya kabla ya Julai 2026. Kwa pato la 66,000 malipo yake yangekuwa karibu na 350, si mbali na RAP, lakini riba isiyolipwa haifuti. Faida yake ni dari, malipo hayazidi yale ya mpango wa kawaida wa miaka kumi. Mpango mwingine wa aina hiyo, SAVE, ambao huenda mlisikia ukisifiwa ulizuiwa mahakamani na sasa sheria inaufuta. Msipoteze muda nao.

Kwa mume wako, sababu ya kulipa kidogo kuanzia mwanzo ni kubwa kuliko hata riba. Kuna mpango wa PSLF, uliowekwa kisheria mwaka 2007: ukilipa mara 120 huku ukifanya kazi muda kamili kwenye serikali au taasisi isiyo ya faida, salio linafutwa bila kodi ya serikali kuu. Muda kamili ni saa 30 kwa wiki, jambo linalowachekesha sana watu wa residensi wanaoruhusiwa kufikishwa saa 80. Hospitali nyingi zinazofundisha ni za taasisi zisizo za faida, kwa hiyo yale malipo ya dola 10 kila moja linahesabiwa sawa na la dola 2,000. Toleo la sheria ya 2025 lililotoka Baraza la Wawakilishi lilitaka miaka ya residensi isihesabiwe kwa wakopaji wapya. Kipengele hicho kiliondolewa kabla sheria haijasainiwa. Akimaliza residensi atakuwa na malipo thelathini na kitu mfukoni. Akibaki kwenye hospitali ya namna hiyo, miaka saba na ushee inamtosha. Angejaza ile fomu ya kusimamisha, angekuwa na sifuri. Kila mwaka apeleke fomu ya kuthibitisha mwajiri, asisubiri mwaka wa kumi. Nimeona watu wakihangaika kutafuta saini ya hospitali iliyokwisha kuuzwa.

Kwako wewe hesabu ni tofauti. Mwaka wako wa mafunzo hospitalini utaanza nao kama mume wako: dola 10, riba inafutwa. Baada ya hapo madaktari wa meno wengi huenda kliniki binafsi, na huko PSLF haikusaidii chochote. Ukivutiwa na kituo cha afya cha jamii, vingi ni taasisi zisizo za faida, na mpango wa serikali wa National Health Service Corps, ukishakuwa raia (green card haitoshi), unaweza kulipa hadi dola 50,000 za deni la daktari wa meno kwa miaka miwili ya kazi katika maeneo yenye upungufu (kwa madaktari wa huduma za msingi, kama mume wako, ni hadi 75,000). Usiende huko kwa sababu ya deni tu. Kazi ni nzito na wagonjwa wengi wamechelewa kuja. Lakini kwa deni la 340,000 ningefika kuangalia.

Kuna jambo la kuwa nalo macho. Baadhi ya kozi za ubingwa wa meno, kupanga meno hasa, badala ya kukulipa zinakudai ada. Ukikopa mkopo wowote mpya wa serikali kuu kuanzia Julai 1, 2026, unapoteza haki ya IBR hata kwa mikopo yako ya zamani. Kuunganisha mikopo kuwa mmoja baada ya tarehe hiyo kunahesabiwa hivyo hivyo. Wapo watakaowashauri muunganishe mara tu mkihitimu ili mruke ile miezi sita na kuanza kuhesabu mapema. Zamani mimi mwenyewe nilikuwa nashauri hivyo. Mwaka huu, maombi ya Mei yanaweza kukamilika baada ya Julai mosi. Msiguse kabla ya kuuliza.

Uliandika "karibu yote" ni ya serikali kuu. Hiyo iliyobaki, angalieni ni nini. Kama ni mkopo uliopitia chuoni wa aina ya HPSL au LDS, riba yake ni asilimia 5, na huo kweli unaweza kuahirishwa ukiwa mafunzoni bila riba kuhesabiwa. Ndiyo, kitu ambacho REDI Act inakiomba kiko tayari kwenye kona hii ndogo. Uacheni peke yake, msiuchanganye na mingine.

Mjomba hakosei kwamba benki binafsi inaweza kuwapa riba ndogo. Anakosea wakati. Mkopo ukishahamia huko haurudi: RAP, PSLF na kufutiwa riba vyote vinakwisha siku hiyo, na ule ulinzi wa deni la serikali kufutwa mtu akifariki au akipata ulemavu wa kudumu unabaki kutegemea mkataba wa benki. Riba ya asilimia 5 mnayoilipa ni kubwa kuliko ya 7.5 inayofutwa. Wewe, ukishaingia kliniki binafsi na mshahara mzuri, na ukiwa na uhakika hutaki kituo cha jamii, mrudie mjomba mkaongee.

Kodi ya ndoa ndiyo sehemu ambayo nisingewaacha muifanye peke yenu. Mkifaili pamoja mkiwa na 126,000, mnaingia daraja la asilimia 10, na nyumba italipa isiyopungua 1,050 kwa mwezi kabla ya punguzo la mtoto. Mkifaili kila mtu yake, ni 330 na 250, jumla 580. Lakini kufaili mbalimbali kunawanyima nafuu nyingine za kodi, na mtoto anaandikwa kwa mmoja wenu tu, ambaye ndiye atakayepunguziwa zile dola 50 kwa mwezi ambazo RAP inampunguzia mtu kwa kila tegemezi. Kwa ritani ya 2025 haina uzito, wote mlikuwa wanafunzi. Ya 2026 mtakayofaili mwaka kesho, tafuteni mtu wa kodi anayeijua mikopo ya wanafunzi, mumpe mezani hesabu zote mbili, achore pande mbili kwenye karatasi. Mkimuuliza kuhusu RAP akakodoa macho, mlipeni saa yake mwende kwa mwingine.

Mume wako atumie pia ushauri wa bure ambao AAMC, umoja wa vyuo vya udaktari vya Marekani, huwapa wanafunzi wa udaktari kupitia huduma yake ya FIRST, na wote wawili mwombe kikao cha ana kwa ana na ofisi ya mikopo ya chuo kabla hamjakabidhi majoho. Kama atatokea mtu, hata Mswahili mwenzetu, anayetaka dola mia kadhaa "awaingizie" kwenye msamaha, au anayeomba nenosiri la akaunti yenu ya studentaid.gov, tovuti ya serikali ya mikopo, kata simu. Fomu zote nilizozitaja ni bure.

Hiyo ya kusimamisha malipo msiichane. Mmoja wenu akiugua, au mimba ikaja na matatizo, au mshahara ukakatika, miezi miwili mitatu ya kusimamisha ni bora kuliko kushindwa kulipa. Tangu Julai 2023, riba inayolimbikizana wakati huo haigeuzwi tena kuwa deni la msingi mkitoka, kwa hiyo kidonda si kikubwa kama zamani.

Na mama. Pole, hahesabiwi. RAP inaangalia tegemezi waliomo kwenye ritani, na mzazi asiye raia anayeishi Tanga haandikiki humo hata kama ndiye unayemlisha. Kwa hiyo hela yake itoe kwenye bajeti kama unavyotoa kodi ya nyumba, usiifiche chini ya "mengineyo". Mwaka huu wa kwanza mna nafasi, malipo yenu ni dola 20 kwa wote wawili. Mwaka wa tatu ndipo yatabana, na mwambie mapema asije akashangaa.